Maji Kung'aa Si Kuwa Salama kwa Samaki

Ndugu msikilizaji, ukitoka Mpanda ukashika njia ya magharibi, baada ya kilometa zaidi ya 100 unafika mwambao wa Ziwa Tanganyika, penye vijiji vya Karema na Ikola. Jina la Ikola linatajwa mbali sana na Katavi. Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani wanalijua, kwa sababu yuko samaki mdogo mweusi, mwenye mkanda mpana wa manjano tumboni, wanayemwita kwa jina hilo hilo, Ikola. Ni wa jamii iitwayo Tropheus, ambayo mtaalamu Boulenger wa makumbusho ya London aliitangaza mwaka 1898. Kwa ukoo, ni ndugu wa sato, perege na kuhe tunaowajua sokoni.

Siku hizi tangi la vioo lenye samaki wa rangi si jambo geni mijini. Utaliona katika mapokezi ya hoteli, katika ofisi na katika sebule za watu. Na kila mwenye tangi huuliza swali moja: niweke kitu gani ndani ya chujio ili maji yang'ae? Swali ni jema, lakini ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: je, maji yanayong'aa ndiyo maji salama? Jibu ni hapana. Sumu inayoua samaki wengi zaidi ndani ya matangi haina rangi, wala macho hayaioni.

Wakazi wa Katavi wanao mfano wa karibu. Mwishoni mwa kiangazi Mto Katuma, unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hubakia madimbwi. Viboko husongamana humo kwa mamia, na maji hugeuka kuwa uji wa kinyesi. Maji ni machache, wanyama ni wengi, na uchafu hauna pa kwenda. Tangi la samaki lisilo na chujio ni dimbwi kama hilo, isipokuwa limezungushiwa vioo.

Chujio basi lina kazi tatu, na kila kazi ina vifaa vyake. Ya kwanza ni kukamata taka: mabaki ya chakula, kinyesi, vipande vya majani. Hapa hutumika sponji au pamba maalumu ya nailoni. Anza na sponji yenye matundu makubwa, kisha ndogo, ili ile laini isizibe upesi. Sponji iwe mpya, isiyo na sabuni wala dawa. Dodoki letu la kuogea halifai, maana ni mmea. Likikaa majini huoza, na likioza huongeza uchafu ule ule tunaoukimbia.

Kazi ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo watu wengi wasiyoijua. Samaki hutoa amonia, zaidi kupitia mashavuni mwake. Chakula kinachooza nacho hutoa amonia. Hiyo ndiyo sumu isiyoonekana. Lakini Mungu ameweka bakteria ambao chakula chao ni amonia hiyo. Kundi la kwanza huigeuza kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, na kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina ukali kama ule. Bakteria hawa hawaelei tu majini. Hushika kwenye nyuso za vitu. Kwa hiyo kifaa bora kwao ni kile chenye vitundu vingi ambamo maji hupita: vigae maalumu vya dukani, mawe mepesi ya volkano kama yale yanayopatikana upande wa Rungwe, au hata vipande vya matofali ya kuchoma vilivyooshwa vizuri. Kokoto laini ya mtoni hutumika pia, lakini haina vitundu, hivyo nafasi yake ni ndogo.

Kwa mfugaji wa samaki wa Tanganyika, kazi hii ya pili ni ya kufa na kupona. Maji ya ziwa lile yana asili ya magadi. Kipimo chake cha pH huwa karibu na 9, ilhali maji yasiyoegemea upande wowote ni 7. Sasa sikiliza hesabu hii. Katika maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, amonia iliyo katika hali ya sumu kali ni chini ya sehemu 1 katika kila 100. Katika pH 9, inapita theluthi moja. Yaani uchafu ule ule unaomwacha samaki mwingine akiogelea, unaweza kumuua samaki wa Ikola.

Kazi ya tatu ni kunyonya rangi, harufu na mabaki ya dawa. Kifaa chake ni mkaa, lakini si mkaa wa jikoni. Ni mkaa uliotengenezwa kwa joto kali na mvuke hata ukajaa vitundu visivyoonekana. Gramu 1 tu inaweza kuwa na uso wa meta za mraba zaidi ya 500. Mkaa huu hukaa mwisho, baada ya sponji na makazi ya bakteria. Hushiba baada ya wiki chache, na ukishashiba ni wa kubadilisha. Samaki akiwa katika matibabu, uondoe, la sivyo utainyonya dawa kabla haijamfikia mgonjwa.

Viko pia vifaa vinavyobadili tabia ya maji, na hapa wengi huponzwa na vitabu vya wageni. Kitabu kinasifu mboji ndani ya chujio, msomaji naye anaiweka. Mboji hushusha pH. Inawafaa samaki wa mito ya Amazon, ambao maji yao ni machachu kidogo, lakini kwa samaki wa Tanganyika ni adui. Huyu wetu anahitaji kokoto za mawe ya chokaa au makombe yaliyopondwa. Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa, lidondoshee siki. Likitoa povu, lina chokaa. Matumbawe yaacheni baharini, ni nyumba ya wengine.

Kabla ya kununua chochote, tazama rangi ya maji. Yakiwa na vumbi siku ya kwanza, mchanga haukuoshwa. Sponji laini itamaliza kazi. Yakiwa meupe kama yametiwa maziwa, ni bakteria waliozidi kwa sababu tangi ni jipya au chakula ni kingi. Punguza chakula na usubiri. Yakiwa ya kijani, ni mwani unaolishwa na jua na naitreti. Sogeza tangi mbali na dirisha na ubadilishe maji. Yakiwa rangi ya chai, ni magome au majani. Hapo ndipo mkaa unapotakiwa.

Na usafi nao una kanuni zake. Yuko mtu anayechukua vifaa vyote vya chujio siku moja, akavisugua bombani hadi vikatakata, na kesho yake akakuta samaki wamekufa ndani ya maji maangavu. Alichofanya ni kuwaua bakteria wake kwa klorini. Osha sponji ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, na usioshe vyote siku moja. Tangi jipya lipewe wiki 4 hadi 6 bakteria waote, huku likiongezewa samaki wachache wachache. Kila wiki badilisha kama robo ya maji, kwa sababu naitreti haiondolewi na sponji wala mkaa wa kawaida. Maji ya bomba yaache ndani ya ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria hukosa hewa, hivyo usilishe samaki, na suuza chujio kabla ya kuliwasha tena.

Kwa nini tuzungumze haya yote kwa ajili ya samaki wa urefu wa kidole? Kwa sababu samaki wa jamii hii hukaa kwenye miamba, na havuki kwa urahisi sehemu za mchanga au za kina. Ndiyo maana karibu kila kipande cha mwambao kina rangi yake. Mwenye mkanda wa Ikola kwao ni Ikola. Kila anayekufa ndani ya tangi kwa uzembe, nafasi yake hutafutwa mwingine kwenye mawe yale yale, na mawe yale hayana mwisho wa mbali.

Basi, mwenye tangi, usinunue kifaa kwa sababu kinang'arisha. Uliza kwanza kinafanya kazi gani kati ya hizi tatu, na kama maji yake yanafanana na ya kwao samaki wako. Macho yatakuonyesha uchafu, lakini amonia hupimwa kwa dawa ya kupimia. Mwenye uwezo wa kununua samaki wa rangi asikose fedha ya kipimo hicho.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.