Sauti ya chura lamboni haipimi zebaki

Tangu bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson lilipopasuka hapa Mwadui, Novemba 7, 2022, tope likavamia nyumba na mashamba ya Ng'wanholo na Nyenze, maswali ya wasomaji hayajakauka. Linalorudi kila masika ni hili: "Vyura wamejaa lamboni, wanalia usiku kucha. Si dalili kwamba maji ni salama?"

Hapana. Lakini kwanza tutenganishe mambo mawili, tope la almasi na zebaki ya dhahabu, ambayo vijiweni huchanganywa kila siku. Almasi haichenjuliwi kwa zebaki. Mwamba husagwa, kisha almasi hutengwa kwa uzito wake na kwa mashine za eksirei. Tope la namna hiyo humdhuru chura hasa kwa utope wake: hufukia mayai, huziba mwanga, na ukoga ambao ndio chakula cha viluwiluwi hauoti. Zebaki itafute kwenye mialo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kuanzia Mwakitolyo hadi Nyarugusu na Rwamagasa kule Geita.

Huko kwenye mialo nimechoka kusikia sentensi moja: "Zebaki ukiichoma inaisha." Mchimbaji hukamua mchanganyiko wake wa zebaki na dhahabu kwa kitambaa, akabaki na kidonge cheupe kama risasi, akakiweka juu ya mkaa. Baada ya dakika chache kidonge kimekuwa cha njano. Ile iliyokuwa nyeupe imeenda wapi? Zebaki ni elementi, moto hauiui. Imepaa kama mvuke, nyingine imeingia kwenye mapafu ya waliozunguka jiko, nyingine itapoa na kurudi na mvua, ifuate mfereji mpaka kwenye tope la jaruba au lambo.

Humo kwenye tope ndimo mambo yanapobadilika. Chini hakuna oksijeni, na kuna bakteria wanaopumua salfeti badala yake. Baadhi yao wana jeni mbili, hgcA na hgcB, zilizotambuliwa mwaka 2013, na kwa jeni hizo huibandika zebaki kundi la methili. Usidhani ni badiliko dogo. Zebaki ya majimaji ikimezwa, karibu yote hupita tumboni ikatoka (mvuke wake ni habari nyingine kabisa). Ikishavikwa methili hung'ang'ania protini, hufanana na asidi amino ambayo mwili unaihitaji, na ubongo huipokea kama mgeni aliyealikwa. Kiluwiluwi kutwa nzima anakwangua ukoga na tope hilohilo.

Na chura mkubwa hanywi kwa mdomo. Mwangalie baada ya mvua ya kwanza: amekaa kwenye udongo mbichi, mapaja kayatanua, tumbo kalilaza chini kama mzee aliyetoka kulima. Hajapumzika, anakunywa. Ngozi ya tumbo na mapaja ni nyembamba na imejaa mishipa ya damu, maji hupenya hapo, na baadhi ya sumu zilizomo hupenya nayo.

Sasa turudi kwenye zile kelele za usiku. Wanaolia ni madume, wanaita majike. Madhara yenyewe mara nyingi yamo ndani ya mayai ya jike, ambaye kazi yake ni kusikiliza. Kwenye mto South, jimbo la Virginia, Marekani, kiwanda kilivujisha zebaki kati ya miaka ya 1929 na 1950. Zaidi ya nusu karne baadaye, William Hopkins na wenzake wa Virginia Tech walikuta vyura majike wakipitisha zebaki hiyo kwenye mayai, na walioanguliwa humo wakidhoofika. Kasa wa mto huohuo nao mayai yao yaliharibika zaidi kadiri mama alivyobeba zebaki nyingi. Ngozi ya magamba haikuwakinga, kwa sababu wao wanaipata kwa kula. Kenge na mamba ni vilevile, tena wanaishi miaka mingi wakilimbikiza.

Ndiyo maana nashindwa kujizuia nikimwona mchuuzi mnadani amepanga vichupa vya mafuta ya kenge, akinadi kwamba "yanavuta sumu ya zebaki mwilini". Kenge aliyekula vyura na samaki wa mto ulio chini ya mwalo! Huo ni wizi.

La kufanya ni fupi. Zebaki ichomwe ndani ya kifaa kinachonasa mvuke, mbali na nyumba na maji, na wajawazito na watoto wasikaribie. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, kwa hiyo kulipigania hilo si ukorofi. Maji ya lambo lililo chini ya mwalo msinywe, hata mkiyachemsha: kuchemsha kunaua vijidudu, si zebaki.