Chenso ya Gia Iliyokalia Mtaji Wangu Miezi Saba

Leo nataka niwaambie habari ya mashine moja ambayo naipenda sana, na ambayo nusura inifungie duka.

Mimi ni mtoto wa Manda, kule Ludewa mwambao wa Ziwa Nyasa. Nilipomaliza kidato cha nne nilipanda Makambako kutafuta maisha, na sasa nina duka dogo la vifaa: misumari, tupa, plagi, oili, minyororo ya chenso. Wenyeji mnajua, huku ni nchi ya mbao. Kuanzia Makambako mpaka Njombe ni misindano, milingoti na miwati. Kwa hiyo wateja wangu wengi ni wakata miti, na kelele ya chenso kwangu ni kelele ya hela.

Mwaka jana nikasikia kuna yadi ya mbao inafungwa, wanauza vitu. Nikaenda. Kwenye kona, chini ya maturubai, nikakuta chenso moja kuukuu, Stihl 090 G. Ukiiona tu unajua hii sio ya mchezo. Injini yake ina kama sisi 137, yaani inazidi ile bodaboda ya sisi 125 unayopanda kila siku. Na hiyo herufi G ni ya gia.

Nieleze kidogo hapo. Chenso nyingi za leo hazina giaboksi: injini inazungusha mnyororo moja kwa moja kupitia klachi. Zamani nyingi zilikuwa na gia katikati. Gia inapunguza mwendo wa mnyororo lakini inaongeza nguvu, kama unavyoweka gari gia namba moja kwenye mlima. Unakata polepole, ila unakata gogo nene ambalo mashine ndogo inalikwama. Mwaka 1959 hao hao Stihl wa Ujerumani walitoa chenso inaitwa Contra, haina gia, nyepesi na ya haraka. Tangu hapo mashine zisizo na gia ndizo zikashika soko, na za gia zikabaki kwa kazi za magogo makubwa.

Muuzaji akaniambia, "Kaka, hii inataka plagi tu." Nikampa 380,000. Hela hiyo ilikuwa ya kununulia mzigo wa msimu wa mvua. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Nikampelekea mzee mmoja fundi, amezikarabati hizi tangu mimi sijazaliwa. Akaifungua, akacheka. "Mwanangu, plagi ndiyo kitu pekee kizima humu." Sili za krenki zimekauka, dayaframu ya kabureta imekuwa ngumu kama karatasi, platini zimeota kutu, na giaboksi haina hata tone la oili. Bahati meno ya gia yalikuwa mazima, beringi moja tu ndiyo imekufa.

Hesabu yangu hii hapa, sifichi kitu:

Mashine 380,000
Sili na gasketi 45,000
Dayaframu 20,000
Beringi 30,000
Ubapa na mnyororo 165,000
Fundi 80,000
Usafiri 15,000
Petroli na oili za kujaribia 25,000
Jumla 760,000

Miezi miwili ikaisha. Siku ilipowaka, jamani, mtaa mzima ulitoka nje. Nilijisikia kama nimeshinda bahati nasibu. Kumbe bado.

Akaja dogo mmoja, umri kama wangu, anakata misindano kwenye mashamba ya watu. Akaipenda, akasema ana 850,000 mkononi. Faida 90,000 palepale! Nikaanza kuandika risiti. Mzee fundi alikuwa amekaa kwenye benchi, akaniita pembeni. "Umemwambia kwamba haina breki ya mnyororo?"

Sikuwa nimemwambia. Chenso za sasa zina breki: ncha ya ubapa ikigonga gogo vibaya, mashine inaruka kumrudia mkataji usoni, na ile breki inasimamisha mnyororo. Hii ya zamani haina. Tena haina mipira ya kuzuia mtikisiko, kwa hiyo ukishinda nayo kutwa mikono inakufa ganzi. Na huyu dogo anafanya kazi peke yake, kwenye miteremko.

Nilisimama pale na kalamu mkononi. Nawaambia ukweli, nilitamani mzee angenyamaza. Lakini nikarudi nikamwambia yote. Nikampa aijaribu kwenye gogo la msindano nyuma ya duka. Akakata mara tatu, akaishusha, jasho linamtoka. "Kaka, hii nzito, na kwa msindano ni taratibu sana." Akaondoka na hela zake. Usiku ule sikulala vizuri.

Ila yeye ndiye aliyenifungua macho. Misindano mingi huku inakatwa ikiwa bado myembamba. Anayeikata anataka chenso nyepesi na ya haraka. Mimi nilinunua mashine kwa sababu NAIPENDA, sio kwa sababu kuna mtu anaitafuta. Ukubwa wa mashine sio ukubwa wa soko.

Nikajiuliza: nani ana shida ambayo mashine hii tu inaitatua? Nikaanza kuulizia. Mlingoti mzee ulioangukia shamba la mahindi. Gogo nene ambalo watu wameshindwa kulipasua walihamishe. Kazi hizo zipo, lakini haziji kila siku, kwa hiyo mwenye nazo hawezi kununua mashine. Anaweza kukodi.

Sasa siuzi, nakodisha, na haitoki bila mkataji mzoefu ninayemjua, mwenye kofia ngumu, kinga ya uso na buti. Kazi ya kwanza nililipwa 120,000. Mkataji 50,000, petroli na oili 18,000, nikatenga 7,000 ya mnyororo, nikabaki na 45,000. Kwa miezi mitano nimebakiwa na 410,000. Ukitoa kwenye 760,000, bado naidai mashine 350,000. Sijapata faida bado, lakini sasa najua inatoka wapi.

Kama na wewe umeona mashine kuukuu mahali, shika haya:

1. Usinunue kwa hela ya mzigo. Hela ya mzigo inazunguka, chuma kinalala.

2. Fungua ekzosi uchungulie pistoni. Ukiona mikwaruzo mirefu, achana nayo au shusha bei sana. Vuta kamba taratibu: isipokupa ukinzani, kompresheni hakuna.

3. Iwashe, ikate mpaka ipate moto, izime, subiri dakika kumi, iwashe tena. Inayowaka ikiwa baridi tu bado ni mbovu.

4. Chenso ya gia ina oili tatu: ya kuchanganya na petroli, ya mnyororo, na ya giaboksi. Hiyo ya tatu ndiyo watu wanaisahau. Fundi wangu kwenye hii kuukuu anachanganya mililita 200 za oili kwa lita 5 za petroli.

5. Kabla ya kutuma mashine, hakikisha mwenye mti ana kibali. Uliza kwa ofisa misitu au ofisi ya TFS. Usije ukapoteza mashine kwa kazi ya siku moja.

6. Mwambie mteja ubaya wa kitu kabla hajatoa hela. Yule dogo hakununua chenso, lakini mpaka leo tupa na oili ananunua kwangu. Juzi alileta na wenzake wawili.

Angalia stoo yako leo. Kile chuma ulichokikalia, ulikinunua kwa ajili ya mteja gani?