Ampli ya Gari Inapozima Katikati ya Wimbo



Munaijua hali hii. Gari ya injili imefika Epulu, iko na bafle mbili juu, korali imeanza vizuri, na watu wamesimama kando ya barabara kusikiliza. Ngoma inapopigwa kwa nguvu, ampli inazima. Taa nyekundu inawaka, sauti inarudi kidogo, halafu inazima tena. Mutu anasema, "Ampli imekufa, tununue ingine." Kesho yake vijana wanapita machimboni kuomba muchango kwa watu waliochota udongo tangu asubuhi.

Ngojeni kwanza. Mara nyingi ampli haina ugonjwa, iko na njaa tu.

Ampli inayotoa wati 300 za kweli haili wati 300. Sehemu inapotea kuwa joto, ndiyo maana ukiigusa inachoma mukono. Kwa batri ya volti 12 inaweza kuvuta karibu ampere 40. Sasa angalia waya uliotumika. Kwetu wengi wanachukua waya wa nyumba, ule wa milimita 2.5, sababu ndio uko sokoni. Kwa mita 5, ampere 40 zikipita humo, volti 1.4 hivi zinabaki njiani. Ukiweka waya mnene wa milimita 16, inapotea kama volti 0.2 tu. Kwarua waya kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe ndani, si shaba safi, ni alumini iliyopakwa shaba, na utahitaji unene zaidi.

Sasa pima. Kila fundi wa redio iko na kipimo cha volti, muombe. Lakini usipime gari imenyamaza! Batri nzuri iliyopumzika inaonyesha volti 12.6, na waya mubovu pia utaonyesha 12.6 kama hakuna kitu kinachovuta. Washa moteri, fungulia wimbo wenye ngoma kwa sauti ya kazi, halafu pima kwenye batri yenyewe. Inapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikianguka chini ya 12.5 na kubaki huko, tatizo ni batri au dinamo, na ampli mupya italia vilevile.

Kama batri inasimama vizuri, pima kwenye skrubu za ampli, wimbo ukiendelea. Zikipungua zaidi ya nusu volti, kosa liko njiani. Njia ni mbili: waya mwekundu wa kwenda, na ule wa kurudi kwenye bodi ya gari, mafundi wanauita masi. Gusa ncha moja ya kipimo kwenye hasi ya batri, ingine kwenye skrubu ya masi ya ampli. Ukisoma nusu volti ao zaidi, umekamata mwizi. Hapo watu wengi wanakosea: wanafunga masi juu ya rangi, ao kwenye bolti yenye kutu. Na Epulu ni kando ya muto, ndani ya pori, unyevu hauondoki. Kwarua mpaka chuma king'ae, kaza, pakaa grisi.

Ikiwa ampli haiwaki hata kidogo, angalia pia kale kawaya kembamba, mara nyingi ka bluu, kanakotoka kwenye redio. Ndiko kanaamuru ampli iamke. Kakikosa volti 12, ampli itaendelea kulala hata waya mukubwa ukiwa mzima.

Kuhusu fyuzi nitasema kwa ukali. Fyuzi ikikatika, wengine wanaweka musumari, ao karatasi ya fedha ya sigara, ili ibada iendelee. Fikirini gari zetu za barabara namba 4: bidoni za esansi nyuma, mama na watoto juu ya mizigo. Waya ukikwaruzwa na chuma ukagusa bodi, batri inatoa mamia ya ampere, plastiki inayeyuka na moto unaanza. Ile fyuzi ya kwenye ampli haitasaidia, sababu iko mwisho wa njia. Weka ingine kwenye waya mwekundu, karibu na batri, isipite sentimita 40 hivi. Na uichague kwa unene wa waya: kwa waya wa shaba wa milimita 16, ya ampere 60 inafaa, kwa ule wa nyumba wa 2.5, 20 inatosha.

Ikikatika tena, ondoa nyaya za bafle zote, uweke fyuzi nzima ya kadiri ileile, uwashe. Isipokatika, rudisha bafle moja moja mpaka uone ile yenye kosa. Ikikatika hata bila bafle, chunguza waya mwekundu wote kwa vidole, hasa pale unapopita tundu la bati. Ukiwa muzima, hapo ndipo ampli inapelekwa kwa fundi.

Na kwa mashimo ya kutoka Mambasa, kazeni skrubu zote upya kila mukifika.