Lugha ya baa ya mtaani, na hatari iliyojificha katika neno 'amezima'

MGEMA akisifiwa, tembo hulitia maji. Sidhani kuna mtu aliyesoma Kiswahili katika shule zetu asiyeijua methali hii. Hata hivyo, mwulize mwanafunzi wa sekondari tembo huyo ni nani na aghalabu atakutajia mnyama mwenye mkonga. Sarufi yenyewe inamkanya. Lau methali ingemhusu ndovu, ingesema 'humtia maji'. Kiambishi '-li-' katika 'hulitia' kinatuarifu kwamba tembo hapa ni kitu, si mnyama. Ni pombe ya mnazi, ile ambayo Pwani siku hizi huitwa mnazi tu na kunywewa mangweni.

Kwa hivyo, methali tunayowafunza watoto darasani ilizaliwa mahali pa kunywea pombe. Ndani yake mna mteja anayesifu, muuzaji anayevimba kichwa na kinywaji kinachochakachuliwa. Wahenga hawakuona haya kuchota hekima huko. Sisi wasomi wa leo ndio tunaoona haya.

Tazama jinsi tunavyofundisha isimujamii. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE huwa na swali la isimujamii, na watahiniwa huzijia sajili wakiwa wamekariri orodha. Ukiwatajia mazungumzo ya walevi, watakuandikia: lugha legevu, matusi, kuchanganya ndimi, kurudiarudia maneno, basi. Orodha hiyo si uongo, ila ni ya mtu aliyesimama nje ya mlango akisikiliza kelele. Nimezuru baa kadhaa za mitaani kwa miaka mingi, soda mkononi na masikio wazi. Nilichokisikia humo ni Kiswahili chenye kanuni zake, adabu zake na, kama nitakavyoeleza, hatari zake.

Baa ninayoizungumzia, msomaji mpenzi, haina zulia wala orodha ya vinywaji yenye jalada la ngozi. Ni ile unayoikuta Kayole, Kawangware, Githurai au Dandora, kati ya duka la nyama na kinyozi. Viti ni vya plastiki. Kaunta imezingirwa kwa vyuma, na mhudumu anakupitishia chupa kwenye kidirisha. Televisheni iko juu ukutani, bia ya kegi inauzwa kwa kikombe au kwa jagi, na karibu na rafu kuna tangazo la kuwakanya wanaotaka kukopa.

Baa hizi zina historia. Enzi za ukoloni, serikali ya jiji la Nairobi iliendesha vilabu vyake vya pombe kwa ajili ya Waafrika, na faida ikatumiwa kulipia huduma za mitaa yao. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka wa 1980 ilipiga marufuku chang'aa. Ikaja sheria ya mwaka wa 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo wananchi waliibatiza 'Sheria ya Mututho' kwa jina la mbunge aliyeipigania. Hiyo ndiyo iliyoamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, na kufungwa saa tano usiku. Tangu wakati huo, Kiswahili cha mtaani kikapata msemo 'saa za Mututho'. Nayo bia ya kegi iitwayo Senator, iliyoanzishwa mwaka wa 2004 ili wenye kipato kidogo wapate kinywaji salama badala ya chang'aa, ikapewa lakabu ya 'Obama' wakati Barack Obama alipokuwa seneta Marekani. Wanywaji hawasubiri baraza la lugha liwaundie istilahi.

Mwanasosholojia wa Marekani Ray Oldenburg, katika kitabu chake cha mwaka wa 1989, aliziita sehemu kama hizi 'mahali pa tatu', yaani pasipo nyumbani wala kazini. Alisema mojawapo ya sifa zake ni kwamba vyeo vya nje huachwa mlangoni. Kwetu Kenya kuna jambo jingine linaloachwa mlangoni: lugha za mama. Fundi wa mjengo kutoka Kakamega, makanga kutoka Murang'a, bawabu kutoka Kitui na mwalimu mstaafu kutoka Kisii wakiketi meza moja, hawana lugha nyingine ya kutaniana ila Kiswahili. Atakayeanza kunong'ona na mwenzake kwa lugha ya kwao ataambiwa papo hapo, "Ongeeni kitu tunasikia wote, bana." Ni mikutano mingapi ya maofisini inayozingatia kanuni hiyo?

Sasa tuingie. Jambo la kwanza ni salamu. Mgeni haingii na kukaa kimya kama aliyeingia benki. Huwasalimu wote kwa jumla, "Habari zenu wazee?", kisha hutafuta kiti kisicho na mwenyewe. Kiti mbele ya televisheni huwa na mwenyewe hata kikiwa kitupu. Kisha yeye naye hupewa jina la kuitiwa. Humu utasikia 'mkubwa', 'chifu', 'daktari', 'mwalimu' na 'mheshimiwa', na wengi wanaoitwa hivyo hawajawahi kushika vyeo hivyo. 'Mheshimiwa' hasa ni yule aliyenunulia meza nzima. Cheo chake hudumu kadiri vikombe vinavyodumu. Vikikauka, anarudi kuwa 'jirani'. Usicheke. Mtu aliyeshinda juani akiitwa 'wewe kuja hapa' anakuja jioni mahali ambapo mtu atamwita 'mkubwa'. Hiyo ni sehemu ya bidhaa anayoinunua.

Jambo la pili ni kuagiza. Hapa mwanasarufi atafurahi, kwani kauli ya kutendea ndiyo inayotawala kaunta. "Niwekee moja." "Mwongezee huyu mzee." "Nifungulie hiyo." "Nishikie kiti." "Niandikie." Kitenzi kikavu kama 'weka' husikika, lakini chenye '-e-' au '-i-' ya kutendea ndicho kinachotimiza adabu, kwa kuwa kinamtambua anayetendewa. Ukitaka kumweleza mwanafunzi maana ya kauli hii, mifano ya kaunta inatosha.

Mhudumu naye atakuuliza, "Baridi ama moto?" Mgeni kutoka nje ya nchi huenda akashtuka, kwani hajawahi kusikia bia ya moto. Lakini 'moto' hapa si joto la kuunguza, bali ni bia ambayo haikuwekwa kwenye friji. Maana ya neno imeamuliwa na kinyume chake. Kwa kuwa kuna 'baridi', kila kisicho baridi ni 'moto'. Vivyo hivyo 'mzinga', ambao kamusini ni nyumba ya nyuki au silaha kubwa, hapa ni chupa ya mililita 750. Na mtu akikuambia amepigwa mzinga, usimtafutie daktari. Ameombwa pesa.

Jambo la tatu ni malipo. Siku hizi wengi hulipa kwa simu kabla ya kuhudumiwa, lakini 'niandikie' bado haijafa. Anayeandikiwa ni yule anayejulikana nyumba yake, mke wake na siku yake ya mshahara. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kaunta ya mtaani ndiyo maabara ya methali hiyo.

Hadi hapa nimeisifu lugha ya baa. Kama mgema, isije ikatiwa maji kwa sifa zangu. Tugeukie upande wake wa pili.

Lugha ya ulevi imejaa tasfida, yaani maneno ya kupunguza makali. Mtu hanywi pombe, 'anakata maji' au 'anapiga mtindi'. Anayeamka na kichwa kizito na kukimbilia chupa tena asubuhi 'anatoa loki', jambo ambalo kamusi inaliita kuzimua. Anayeuza chang'aa ni 'mama pima', jina lililoundwa kwa kuunganisha nomino na kitenzi, kana kwamba kazi yake ni ya mizani tu. Tasfida ina kazi njema. Inamsitiri mnywaji na familia yake. Inamwezesha kutaja jambo mbele ya watoto bila kulitaja.

Lakini kuna tasfida moja inayonikosesha usingizi, nayo ni 'amezima'.

Kiswahili sanifu kina vitenzi viwili vinavyokaribiana. 'Kuzima' ni kufa kwa taa au moto. 'Kuzimia' ni kupoteza fahamu. Tofauti yake kimatamshi ni irabu moja tu, lakini kimaana ni kubwa. Aliyezimia ni mgonjwa, hivyo watu humkimbilia, humpepea na kuita gari. Aliyezima ni kama balbu. Taa ikizima hakuna anayepiga mayowe, kwani kila mtu anajua itawaka tena. Mlevi anapoangusha kichwa mezani na wenzake wakasema "huyu amezima, mwacheni", irabu hiyo moja iliyodondoka imewaondolea wajibu. Wanacheka, wanamsogeza pembeni na kuendelea na mechi. Wengi wa waliozima huamka. Wengine hawaamki.

Mgema wa methali alitia maji, na maji yalimpunja mteja bila kumwua. Mgema wa leo hutia methanoli. Novemba mwaka wa 2000, pombe iliyojulikana kama 'kumi kumi', kwa sababu glasi iliuzwa shilingi 10, iliwaua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya Mukuru, Nairobi. Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Februari 2024, kijiji cha Kangai, Kirinyaga, kilizika watu zaidi ya 10.

Methanoli haina ladha ya kumtahadharisha mnywaji. Mwili huibadilisha ikawa asidi inayoshambulia neva ya macho, na dalili huweza kuchelewa kwa saa 12 au zaidi: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kusokota, macho kuona ukungu. Hospitalini kuna dawa ya kuzuia mageuzi hayo, na kuna mashine ya kusafisha damu, ila zote zinategemea mgonjwa kufikishwa mapema. Na hapa tena neno letu linarudi kwa ukatili. Yule anayepofuka humwuliza jirani kwa nini stima imepotea, na jirani huona ni ulevi unaosema. Taa haikuzima ukutani. Imezima ndani ya jicho.

Hata pombe halali inaweza kuua. Anayekoroma kwa kukatakata, anayepumua polepole mno, ambaye midomo yake imebadilika rangi na hata ukimfinya haamki, hajazima. Amezimia. Mlaze kwa ubavu ili asisongwe na matapishi, usimwache peke yake, usimmwagie maji wala kumnywesha kahawa, na umpeleke hospitali. Hayo yanaweza kufanywa na mlevi mwenzake aliyebaki na akili kidogo, mradi neno alilolitumia halijamlaza na yeye.

Serikali hutoa maonyo. Chupa zina maandishi yasemayo kwamba unywaji wa kupita kiasi ni hatari kwa afya. Ni Kiswahili safi kisichomgusa mtu. 'Kupita kiasi' ni kiasi gani, kwa mtu anayepimiwa na mama pima? Onyo linalofaa ni lile linaloingia baa kwa salamu, likakaa kwenye kiti cha plastiki na kusema kwa lugha ya meza: "Mkubwa, huyo hajazima, amezimia. Mwinueni twende." Ningependa kuona maneno hayo yamebandikwa kwenye kila kaunta, kando ya lile tangazo la madeni. Na kazi ya kuyatunga si ya daktari peke yake. Ni yetu walimu na wahadhiri wa Kiswahili, tunaojua tofauti ya '-zima' na '-zimia' na tumekuwa tukiitumia kuwatahini watoto tu.

Mwalimu atakayefundisha sajili muhula ujao asiwape wanafunzi orodha ya kukariri. Awaulize ni maneno gani hutumika nyumbani kwao mtu anapolewa, kila neno linasitiri nini, na ni nani anayeumia kwa kusitiriwa huko. Wengi wao wana majibu, kwani wameishi na baba, mjomba au kaka aliyeachwa alale kwa sababu eti amezima tu.