Makohozi Safi Hayamalizi Uchunguzi: Kifua Kikuu Nje ya Mapafu katika Ukanda wa Dhahabu

Katika maduara na makarasha ya Geita na Kahama, mkoani Shinyanga, wachimbaji wadogo huvuta vumbi lenye silika, ambalo hudhoofisha kinga ya mapafu dhidi ya kifua kikuu. Maambukizi ya VVU huongeza hatari hiyo. Kwa hiyo huhimizwa kupima makohozi kikohozi kinapozidi wiki mbili. Wito huo ni sahihi, lakini hautoshi: vimelea huweza kusafiri kutoka mapafuni kwa njia ya damu au limfu na kushambulia kiungo kingine, na mgonjwa asikohoe kabisa.

Tezi za shingo huvimba polepole, mara nyingi bila maumivu. Maji hujaa kifuani au tumboni. Mgongo huuma kwa miezi, hata kibiongo kikajitokeza. Utando wa ubongo ukishambuliwa, kichwa huuma, shingo hukakamaa na fahamu hupungua. Hapo kuchelewa kwa siku chache huweza kugharimu uhai. Homa, jasho la usiku na kukonda huweza kuandamana na hali hizi.

Kanuni kwa mtoa huduma ni moja: sampuli itoke mahali penye ugonjwa. Tezi ifyonzwe kwa sindano, au maji ya uti wa mgongo yachukuliwe, kisha yapimwe kwa mashine ya GeneXpert. Zahanati isiyo na uwezo huo itoe rufaa mapema. Hata hivyo, vimelea nje ya mapafu huwa vichache. Jibu la kutoonekana kwa vimelea halifuti shaka pale dalili, picha na historia ya mgonjwa vinapoelekeza kwenye kifua kikuu. Kila mgonjwa apimwe VVU, na mapafu yake pia yachunguzwe.

Matibabu kwa kawaida huchukua miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Kifua kikuu cha ubongo au mifupa huhitaji hadi miezi 12. Dawa hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Mkojo kuwa mwekundu si hatari. Macho yakigeuka manjano, rudi kituoni mara moja. Tezi huweza kuvimba tena katikati ya matibabu; mwone mtaalamu, usiache dawa.

Mchimbaji anayefuata rashi mpya aombe kwanza uhamisho wa matibabu. Na familia ijue: ugonjwa ulio nje ya mapafu pekee ni nadra kuambukiza wengine. Hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa wala sahani yake.