Soseji mbichi haipashwi moto, hupikwa ikaiva

Siku hizi soseji imeingia karibu kila mahali katika pwani yetu. Asubuhi watoto huila pamoja na chai. Jioni vijana hununua smoki kwenye toroli kando ya barabara mjini Kilifi na Malindi, na giza likiingia wapenda nyama huzunguka jiko la muuza mutura. Wapishi wa nyumba za wageni huko Malindi na Watamu nao huombwa kupika soseji za kigeni, kama vile salsiccia ya Waitaliano au kiełbasa ya Wapolandi. Aidha, wapo akina mama wanaotengeneza soseji zao wenyewe kwa nyama ya ng'ombe au ya mbuzi.

Zote huitwa soseji, lakini kwa upande wa afya hazifanani. Baadhi huwa zimeiva kabla hujazinunua. Nyingine ni nyama mbichi iliyofichwa ndani ya ngozi. Tatizo ninaloliona ni kwamba watu wengi waliizoea smoki kwanza, ambayo huhitaji kupashwa moto tu, kisha wakaipika soseji mbichi kwa desturi hiyo hiyo. Nje huwa nyekundu na yenye kunukia, kumbe ndani haijaiva.

Jua aina uliyo nayo

Smoki hupikwa na kufukizwa moshi kiwandani. Ukiipasha moto hadi katikati ikawa moto kabisa, imetosha. Soseji nyingi za kukaanga zinazouzwa zikiwa zimegandishwa madukani ni mbichi; soma maandishi ya pakiti kabla ya kuwasha jiko.

Kiełbasa ya Wapolandi ni ya aina nyingi. Ile ya rangi ya kahawia iliyokauka kidogo kwa kawaida imefukizwa moshi na kuiva. Lakini kuna ile nyeupe, ambayo Wapolandi huila hasa wakati wa Pasaka. Hiyo ni nyama ya nguruwe iliyotiwa kitunguu thomu na majani makavu ya marjoram, na mara nyingi huuzwa ikiwa mbichi kabisa. Salsiccia ya Waitaliano isiyokaushwa nayo ni mbichi. Usipokuwa na hakika, ichukulie kuwa mbichi.

Msomaji Mwislamu aangalie jambo moja zaidi. Hata soseji ya ng'ombe huweza kutiwa ndani ya utumbo wa nguruwe. Uliza ngozi imetokana na nini.

Kwa nini soseji ni hatari kuliko kipande cha nyama

Kipande cha nyama huwa na vijidudu zaidi upande wa nje, na moto wa kikaango huviua upesi. Nyama ikisagwa, vile vya nje huchanganywa na kuingia ndani kabisa. Mashine ambayo haikusafishwa vyema huongeza vya jana juu ya vya leo. Ndiyo sababu salmonela na vijidudu vingine vya kuharisha huweza kubaki hai katikati ya soseji iliyoungua nje.

Kisha kuna tegu. Nyama ya ng'ombe au ya nguruwe isiyoiva huweza kuwa na vifuko vya tegu vinavyokua na kuwa mnyoo mrefu tumboni. Tegu wa nguruwe ana hatari ya ziada. Mtu aliye naye hutoa mayai katika choo chake. Asiponawa mikono, mayai hayo huingia katika chakula cha wengine, na mtu akiyameza, vifuko huweza kujijenga katika ubongo wake na kumletea kifafa. Kwa hivyo hata mtu ambaye hajaonja nguruwe maishani mwake anaweza kudhuriwa na mpishi asiyenawa mikono.

Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Nyama ya mnyama aliyejifia usiiguse, hata ukipewa bure, kwa maana kimeta huua anayeila na hata anayeichinja.

Jinsi ya kuipika

Soseji mbichi ipikwe mara mbili: kwanza kwa maji, kisha kwa mafuta au makaa. Hivi ndivyo Wapolandi wanavyoipika ile yao nyeupe, na njia hii hufaa kwa soseji yoyote mbichi.

Kama imegandishwa, iache iyeyuke ndani ya friji tangu usiku uliotangulia. Usiiache juu ya meza. Itie ndani ya sufuria yenye maji ya kuifunika, uweke moto wa wastani. Maji yakianza kutoa mapovu madogo, punguza moto. Yakichemka kwa nguvu, ngozi hupasuka na mafuta na ladha yote humwagika. Soseji yenye unene wa kidole gumba iache humo dakika 20. Iliyo nene zaidi, dakika 30. Kisha itoe, ikaushe, na uikaange kwa mafuta machache au uichome juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, dakika tano hivi, hadi ipate rangi.

Kipimo cha hakika ni kipimajoto cha jikoni. Katikati ya soseji pafike nyuzi 71 za Selsiasi, na kama ni ya kuku, nyuzi 74. Usipokuwa nacho, ikate katikati: iwe moto inayotoa mvuke, isiwe na sehemu laini kama nyama mbichi. Rangi pekee hudanganya.

Ubao na kisu kilichogusa nyama mbichi vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukata kachumbari.

Ukitengeneza mwenyewe

Kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe au mbuzi yenye mafuta kidogo, tia gramu 15 za chumvi, pilipili manga, kitunguu thomu kilichopondwa na viungo upendavyo. Nyama iwe baridi sana wakati wa kusaga. Utumbo uoshwe mara kadhaa ndani na nje. Ukikosa, viringisha nyama kwa mkono kama kebabu ndefu. Pika siku hiyo hiyo au gandisha mara moja.

Usijaribu kukausha wala kufukiza soseji mbichi kwa moshi baridi nyumbani. Zamani huko Ujerumani watu waliuawa na sumu ya soseji, na daktari Justinus Kerner aliandika juu yake katika miaka ya 1820. Leo twaijua sumu hiyo kwa jina la botulizimu, linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Kijidudu chake hupenda mahali pasipo na hewa, penye unyevu na joto la wastani, na katikati ya soseji ni mahali pa aina hiyo. Viwanda humzuia kwa kutia nitriti. Lakini nitriti yenyewe ikizidi huzuia damu kubeba hewa safi na huweza kuua. Si kitu cha kukisia kwa kijiko jikoni.

Toroli na mutura

Mutura, chakula kilichotoka kwa ndugu zetu Wakikuyu, ni utumbo uliojazwa nyama, damu na viungo. Huchemshwa kwanza, kisha huchomwa, na utaratibu huo ni mzuri. Kasoro hutokea pale mutura uliochemshwa mchana unapokaa nje hadi usiku, kwa sababu damu huharibika upesi. Kula uliotoka motoni, na utazame ubao unaokatiwa.

Kwa smoki, mara nyingi kasoro iko kwenye kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu. Wakati wa kipindupindu, kula smoki yako moto bila kachumbari.

Joto letu na stima

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, kama ilivyo mara kwa mara huku kwetu Februari hadi Aprili, kisizidi saa moja. Friji iwe na nyuzi 4 au chini. Stima ikipotea, usifungue mlango. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa saa nne hivi. Baada ya hapo, tupa soseji mbichi zilizopata joto. Hasara ya pakiti moja ni ndogo kuliko gharama ya kulazwa.

Mama mjamzito, mzee, na mtu ambaye kinga yake imepungua wapashe moto hata soseji zilizokwisha iva. Afrika Kusini, kati ya 2017 na 2018, watu zaidi ya 1,000 waliugua ugonjwa wa listeria na zaidi ya 200 wakafa. Chanzo kilipatikana katika polony, nyama ya kiwandani ambayo watu huila baridi. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo watoto wachanga wengi walioambukizwa na mama zao.

Watoto wadogo wakatiwe soseji kwa urefu, kisha vipande vidogo. Kipande cha mviringo huziba koo la mtoto kama kizibo.

Kiasi gani kinatosha?

Mnamo 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, husababisha saratani ya utumbo mpana. Kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari hiyo kwa asilimia 18. Haina maana kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Maana yake ni kwamba hatari uliyokuwa nayo, ambayo kwa mtu mmoja mmoja si kubwa, inapanda kwa kiasi hicho.

Chumvi nayo ni jambo la kuangalia. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Gramu 100 za soseji niliyoeleza hapo juu zina gramu 1.5, na za kiwandani mara nyingi huzidi hapo. Mwenye presha asiifanye soseji kuwa chakula cha kila asubuhi. Yai, maharagwe, mbaazi au samaki wetu vitamfaa zaidi.

Ukiugua

Kwa kuhara na kutapika, anza kunywa maji ya ORS mara moja. Ukiyakosa, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nenda hospitalini upesi ukiona damu katika choo, homa kali, mkojo ukikatika, au mtoto akilegea na macho kuingia ndani.

Lakini mtu aliyekula nyama ya kukaushwa au kufukizwa, kisha akaanza kuona vitu viwili viwili, kope zikalegea, kumeza kukawa taabu na ulimi ukawa mzito, asingoje asubuhi. Mpeleke usiku huo huo katika hospitali ya Malindi, ya Kilifi, au yoyote kubwa iliyo karibu, na ueleze alikula nini na saa ngapi. Ukiweza, beba mabaki ya chakula hicho.

Msomaji, soseji haijakatazwa. Itambue kabla ya kuiweka motoni, ipike kwanza kwa maji kisha kwa moto, na uifanye chakula cha mara moja moja.