Kinga ya Ulevi Plateau: Kazi ya Watu Wachache

Kinga ya ulevi kijijini ni kumfikia mtu kabla pombe au bangi haijamshika, na kumrudisha mapema aliyeanza kuteleza. Plateau, eneo la wakulima nje ya jiji la Eldoret, kazi hiyo yatosha kufanywa na watu wanne au watano: mhamasishaji wa afya ya jamii, mzee wa kijiji, mwalimu, mhubiri, na mtu aliyewahi kulewa akaacha. Huyo wa mwisho asikosekane kamwe, kwa maana mlevi humsikiliza aliyepita njia ileile.

Timu ndogo haiwezi kuhubiri mwaka mzima, hivyo hufuata kalenda ya fedha. Katika kaunti hii ya Uasin Gishu mahindi huvunwa kuanzia Oktoba, na mavuno yakiuzwa baba anashika hela. Shule nazo hufungwa kwa likizo ndefu, na Desemba ndio msimu wa tohara kwa vijana wengi wa Kikalenjin. Fedha na vijana hukutana nyumbani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mikutano na wazazi hufanywa mapema, Septemba, wakubaliane nani atawalinda vijana na kwamba sherehe hazitakuwa na pombe kwa watoto.

Lazima pia vinywaji vyenyewe vijulikane. Busaa hutokana na unga wa mahindi uliochachushwa, ukakaangwa juu ya bati, kisha ukatiwa kimea cha wimbi. Zamani wazee waliinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Chang'aa ni kali zaidi, kwani hupatikana kwa kukusanya mvuke wa pombe inayochemshwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 iliihalalisha, lakini kwa mwenye leseni tu na ikiwa imetiwa chupani. Ya kupimwa kwa kikombe nyuma ya nyumba bado ni haramu, na ikitiwa methanoli hupofusha na kuua. Novemba 2000, pombe ya aina hiyo iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi.

Hata hivyo, mama pima, yaani mwanamke anayeuza pombe hiyo, mara nyingi ni mzazi anayetafuta karo. Akivamiwa na polisi, mtungi huhamia ng'ambo ya mto na biashara inaendelea. Timu yenye busara huketi naye jikoni, ikamwingiza kwenye chama cha akiba, ikamsaidia kuanza na kuku au mboga. Ni kazi ya polepole, na ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Kwa walioanza kunywa, Eldoret yenyewe ina ushahidi. Katika kliniki za mpango wa afya wa AMPATH, watu 614 wanaoishi na virusi vya ukimwi waliokuwa wakinywa pombe walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Waliofunzwa katika vikundi, kwa vikao 6 vya kila wiki, jinsi ya kutambua vishawishi na kukataa glasi, walipunguza unywaji kuliko wenzao waliopewa elimu ya afya kwa jumla. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo.

Mipaka ipo. Aliyekunywa kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona mambo yasiyokuwepo au kupatwa na degedege. Huyo ni wa kupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi jijini Eldoret, si wa kuombewa tu. Ushauri wa simu hupatikana kwa nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Mgonjwa akirudi nyumbani, mmoja wa timu humtembelea siku ya malipo ya maziwa, hela zikiwa mkononi, kabla ya jioni.